Wapike Wenyewe: Shajara ya Sherehe ya Kuzaliwa Uani Kwetu, Dodoma

Jumamosi, 2 Agosti

Binti yangu anatimiza miaka 8 tarehe 30 mwezi huu. Mwaka jana tulikodi jumba la kurukia. Watoto wakaruka, wakala, wakaondoka. Mwaka huu hataki. Anataka wenzake waje nyumbani wapike. Nilimuuliza kama ana maana ya kupamba keki, akasema, "Hapana mama, kupika. Tupike halafu tule tulichopika."

Nimekubali kwa moyo mmoja. Mtoto wa umri wake hapa mtaani anatumwa dukani kununua hamira, anatumwa maji, anaosha vyombo, lakini unga wenyewe hagusi. Akisogea jikoni anafukuzwa: utamwaga, utaungua, utanichelewesha. Kisha anafika sekondari, bweni, akirudi likizo tunamlaumu hajui kupika.

Kwa hiyo kila kitakachoingia kwenye mpango huu nitakiuliza swali moja: hapa mkono wa mtoto unafanya kazi gani? Kama kazi yake ni kushika mwiko apigwe picha, kinatoka.

Yaliyoamuliwa leo: watoto 12 pamoja na mwenye siku yake, umri wa miaka 6 hadi 10. Mahali ni uani kwetu, Ipagala. Saa 8 mchana hadi saa 11 na nusu jioni. Bajeti shilingi 200,000. Nusu anatoa baba yake, nusu natoa mimi, na bahati nzuri zamu yangu ya mchezo wa upatu inaangukia mwezi huu.

Jumanne, 5 Agosti

Vyakula. Binti yangu aliandika orodha yake kwenye daftari la shule: chapati, pilau, chipsi, piza, maandazi, juisi, keki.

Pilau imetoka kwanza, maana sufuria moja ina mpishi mmoja na wengine kumi na moja watazamaji. Piza inataka oveni, nasi hatuna. Chipsi ni kisu kikali mwanzoni na mafuta ya moto mwishoni, katikati hamna kazi ya mtoto. Chapati niliitetea sana. Kusukuma kunawafaa, kukunja kunawafaa zaidi. Lakini chapati huchomwa moja moja, na watoto 12 wakisubiri kikaango kimoja, foleni hiyo itazaa ugomvi kabla ya chapati ya tano.

Maandazi yameshinda. Kukanda, kusukuma, kukata, yote ni kazi za mtoto, na kwenye karai yanaingia mengi kwa pamoja. Mtu mzima anapokea pale tu kwenye mafuta. Pamoja na maandazi tutakuwa na juisi ya ubuyu, mishikaki ya matunda, na kashata za karanga kwa mkono wa mama yangu. Keki ipo, sherehe ya kuzaliwa bila keki haitaeleweka kwa waalikwa wa umri huu, ila haitanunuliwa.

Wifi alipiga simu jioni. "Wifi, wewe kanda asubuhi mapema, watoto waje wakate tu. Kusubiri unga uumuke na watoto 12 ndani ya uwanja, utaumwa." Ananipenda, na anasema kwa uzoefu, maana amelea watano. Lakini mtoto anayekabidhiwa donge lililokwisha kukandwa hajui andazi limetoka wapi. Hajauona unga ukiwa vumbi, hajaung'ang'ania ukimganda vidoleni, hajausikia ukilainika chini ya kiganja. Nimemwambia watakanda wenyewe, na andazi atakalokula kila mtoto litatoka kwenye unga alioukanda yeye. Amecheka, akasema basi atakuja kunisaidia.

Swali sasa ni muda. Hamira haijui kama ni sherehe.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane. Tumeshinda viwanja vya Nzuguni na watoto, vumbi mpaka kwenye kope. Binti yangu alisimama muda mrefu kwenye banda la nafaka, palipokuwa na mtama, uwele na alizeti kwenye vikapu, akishika kimoja kimoja. Mama mwenye banda alimweleza vizuri sana: mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mahindi yakikosa mvua wiki mbili tatu wakati wa kuchanua yameharibika, lakini mtama unavumilia. Ndiyo maana babu na bibi wa Kigogo walikula ugali wa mtama na uwele kabla ya mahindi kuzoeleka.

"Mbona sisi hatupiki maandazi ya mtama?" akaniuliza tukiwa njiani. Sikuwa na jibu. Tumerudi na kilo 2 za unga wa mtama.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya majaribio, na nimeifurahia kuliko nilivyotarajia.

Tulianza na mtama nusu na ngano nusu. Donge lilikuwa zito, likapasuka kingo tulipolisukuma, na maandazi yakafunguka kwenye karai yakanywa mafuta. Sababu ni hii: ngano ina gluteni, protini inayovutika kama mpira unapoikanda kwa maji, nayo ndiyo inayoshika hewa ndani ya andazi. Mtama hauna gluteni kabisa. Ukizidisha mtama, hewa ya hamira haina pa kukaa.

Robo ya mtama kwa robo tatu za ngano imekubali vizuri. Donge linasukumika, andazi linafura, rangi yake ya kahawia inapendeza, na lina utamu wa nafaka ambao ngano tupu haina. Binti yangu alikula akasema, "Hili ni la Dodoma." Mjadala ukafungwa.

Kipimo tulichokubaliana: ngano gramu 750, mtama gramu 250, sukari gramu 150, hamira kijiko kimoja cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa, mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula, na maziwa ya uvuguvugu kama nusu lita. Maziwa yatiwe kidogo kidogo, kwa sababu mtama unakunywa polepole na donge linaloonekana jepesi sasa hivi, baada ya dakika kumi litakuwa limekaza. Jumla inatoka kama kilo 1 na gramu 700. Gawa kwa 12, kila mtoto anapata gramu 140 hivi, yaani maandazi manne madogo. Yanatosha. Mtoto akitengeneza mengi zaidi anachoka na la mwisho analitupia tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ni hamira peke yake.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayoinua donge. Ikiwa baridi inalala. Ikikutana na maji yanayochoma, ya nyuzi 60, inakufa. Kinachofaa ni joto la mwili, nyuzi 37 hivi, na kipimo cha nyumbani ni kiwiko: ukichovya usisikie baridi wala moto.

Mwezi wa nane hapa kwetu asubuhi ni baridi ya koti na mchana jua kali, na katikati yake upepo mkavu usiokoma. Nimeliweka donge moja jikoni kivulini, jingine kwenye beseni uani, chini ya ukuta unaopigwa na jua la mchana. La jikoni lilipita saa moja na nusu bila kufika nilipotaka. La ukutani lilikaribia kuwa mara mbili ndani ya saa moja. Lakini upepo uliligandisha juu, likaota ngozi ngumu ambayo haitoki kwa kukanda. Dawa yake ni kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu yake sinia. Kitambaa kikikauka, kinaloweshwa tena, na hiyo ni kazi nzuri ya mtoto: mlinzi wa donge, mmoja kwa kila meza.

Sasa ratiba imejipanga yenyewe. Saa 8 wanafika, wananawa, wanavaa. Saa 8 na nusu wanakanda. Donge linakwenda juani saa nzima, na saa hiyo nzima ni ya ubuyu na matunda. Saa 9 na nusu wanarudi kukata. Wifi alihofia watoto wakae bure wakisubiri. Hakuna atakayekaa bure.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepeleka kitenge kwa fundi cherehani wa Majengo. Yadi 4 zimetoa aproni 12 za sentimita 55 kwa 60, bila kipande kikubwa kilichopotea. Fundi mwenyewe ndiye aliyependekeza kamba ya shingoni iwe ya kufunga badala ya kushonewa, ili wa miaka 6 na wa miaka 10 wavae saizi moja. Kofia za mpishi tutatengeneza kwa manila na karatasi laini nyeupe.

Vibao vya kusukumia nimepata vinne kwa majirani, na meza zitatandikwa vizuri kwa wasio na kibao. Miti ya kusukumia haitoshi, hivyo tutatumia chupa za soda za kioo, zimeoshwa na kutolewa karatasi. Mtoto anaishika chupa vizuri kuliko mti.

Meseji za mwaliko zimekwenda kwa wazazi. Niliuliza kama kuna chakula kinachomdhuru mtoto, nikaomba wavae nguo za pamba na viatu vya kufunika vidole, na nikasisitiza saa 8 iwe saa 8, maana atakayefika saa 9 na nusu atakuta wenzake wamekanda.

Baba mmoja alinijibu, "Shukrani mama. Wangu ni wa kiume, nilidhani ni ya wasichana?" Aliuliza kwa heshima, nami nilimjibu kwa heshima. Chipsi mayai tunazonunua usiku hapa mjini, mishikaki, supu ya asubuhi, wapishi wake wengi ni vijana wa kiume, na wanalisha familia zao kwa kazi hiyo. Kijana wake anakaribishwa. Alijibu, "Atakuja."

Jumapili, 24 Agosti

Mama yangu amefika kutoka Mvumi na kiroba cha mabuyu mazima, na magamba yake. Sokoni ubuyu huuzwa umekwisha kubanduliwa, na nilikuwa nimepanga kununua huo. Mama alikataa kabisa. "Mtoto ameuona mbuyu kila siku, hajui ndani kuna nini. Wavunje wenyewe." Ndilo swali langu la siku ya kwanza, amelijibu bila kuulizwa.

Amekuja pia na karanga. Tumekaa naye jioni tukizichambua na watoto wa nyumbani: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote pembeni na hazipewi hata kuku. Mama ni mkali juu ya hilo na ana haki. Mwaka 2016 watu walifariki mkoani kwetu na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo hiyo hushika karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kuikaanga karanga hakuiondoi.

Jumatano, 27 Agosti

Mzazi mmoja amejibu: mwanawe akila karanga midomo inavimba na pumzi inabana. Kashata zimeondoka. Nilifikiria kuziweka meza ya peke yake, lakini watoto 12 wanaoshikana mikono na kubadilishana vyombo hawana meza ya peke yake. Mama alisikitika, kashata ni sifa yake, kisha akasema, "Mtoto wa watu kwanza." Karanga zilizobaki zimefungwa na kupelekwa Mvumi kwa mdogo wangu, kinu na ungo vimeoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Nimempigia mzazi huyo kumwambia kwamba siku hiyo hakutakuwa na karanga uani, hata za kutafuna.

Hatujaweka kitu mahali pa kashata. Vyakula vinatosha.

Ijumaa, 29 Agosti

Kwetu maji ni ya mgao, hivyo simtanki limejazwa tangu juzi, na ndoo mbili zenye koki ziko tayari kwa kunawa. Maji ya ubuyu yamechemshwa na kuachwa yapoe.

Jiko la gesi litakaa pembe ya mashariki, na turubai limefungwa upande unaotoka upepo ili moto usiyumbe. Nimechora mstari wa chokaa chini, hatua kubwa tatu kutoka jikoni. Mtoto havuki. Mkaangaji ni baba watoto, na kazi yake ni hiyo moja. Haitwi kupiga picha, hapokei wageni. Pembeni yake kuna kifuniko kinachoenea karai, maana mafuta yakishika moto yanafunikwa na gesi inazimwa, hayamwagiwi maji kamwe. Kuna pia dumu la maji safi. Mtu akiungua, ni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta visisogee.

Jioni hii binti yangu amepika keki yake. Siagi robo, sukari robo, ngano robo, baking powder kijiko cha chai na mayai matano, ameyapasua yeye moja moja kwenye kikombe kwanza ili likiwepo bovu lisiharibu mengine. Tumeioka kwa mkaa kama nilivyofunzwa: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Alikaa kando ya jiko na baba yake muda wote, akinusa. Imetoka imepanda katikati kidogo, na hakuruhusu nikate kilima chake.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika usiku, miguu inauma, lakini nataka niandike kabla sijasahau.

Asubuhi tulinyunyizia uwanja maji kutuliza vumbi. Saa 8 kasoro walianza kuingia, na ilipofika saa 8 na robo walikuwa wametimia wote. Mama yangu aliwapokea mlangoni kwa "Mbukwenyi!" na wale wanaozijua salamu za nyumbani wakajibu kwa sauti, wasiozijua wakasema "Shikamoo bibi" wakainama kidogo. Kunawa kwa sabuni, kucha pia. Aproni. Kila mmoja akaandika jina lake kwenye kofia.

Meza tatu, watoto wanne wanne, wakubwa wamechanganywa na wadogo. Kila meza ilipima unga wake kwenye mizani ya jikoni, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulipanga: walipenda kupima kuliko kitu chochote. Walibishana kuhusu gramu 5. Mmoja aliondoa unga kwa ncha ya kijiko mpaka namba ikasimama sawasawa kwenye 250, wenzake wakapiga makofi. Hii ni hesabu ile ile wanayoilia darasani.

Kukanda kulianza kwa kelele na kukaishia kwa utulivu. Dakika za kwanza unga uliwaganda mpaka kwenye viwiko. Mtoto wa miaka 6 alitaka kulia, akanionyesha mikono yake. Sikumpangusa. Nilimwambia aendelee kukanda, unga utarudi wenyewe kwa wenzake. Akakanda kwa ngumi mbili, na baada ya muda mikono ikawa safi na donge likawa laini, akaliita "mtoto wangu" jioni nzima. Yule kijana ambaye baba yake aliuliza alikuwa na nguvu kuliko wote mezani kwake, wakampa zamu mbili mbili.

Mabeseni yakaenda ukutani, walinzi watatu wakashika nafasi zao na vitambaa vyao.

Kisha mabuyu. Mama yangu alikaa kwenye kigoda, akawaonyesha: buyu liwekwe juu ya jiwe, shikilia chini, piga katikati na jiwe la mkononi, geuza, piga tena. Gamba likipasuka, ndani ni weupe mkavu uliozishika mbegu, umefungwa na nyuzi nyekundu. Mtoto mmoja alipiga yowe: "Kumbe ubuyu si mwekundu!" Wote walijua ubuyu wa kutafuna wa dukani, uliotiwa rangi na sukari, na hakuna aliyewahi kuona unavyotoka mtini. Waliulamba hivyo hivyo mkavu, wakakunja nyuso, wakalamba tena. Kwa muda huo sherehe yote ilikuwa pale kwenye mawe na magamba, na niliwaacha waendelee kupita ratiba kidogo.

Nyuzi zilitolewa kwa mkono, ubuyu ukalowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa. Hatukuchemsha ubuyu wenyewe, kwa sababu moto unapunguza vitamini C, na ubuyu una vitamini C nyingi. Wifi alisimamia kuchuja. Watoto walisugua mbegu kwa viganja ndani ya maji mpaka maji yakawa mazito kama uji mwepesi, wakachuja, wakatia sukari na iliki kidogo wakionja kijiko kwa kijiko. Kila meza ikatoka na juisi ya ukali wake.

Matunda yalikuwa papai, ndizi, tikiti na zabibu za hapa hapa, maana ndio msimu wake wa pili kwa mwaka. Walikata papai na ndizi kwa visu vya mezani visivyo na makali, wakatunga kwenye vijiti vya mishikaki ambavyo ncha zake nilizipunguza kwa mkasi. Mdogo wake binti yangu, miaka 3, alitaka zabibu kama wakubwa. Zake zilikatwa vipande vinne kwa urefu, kwa sababu zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto mdogo kama yeye, na jambo hilo nililisema kwa wazazi wote wenye wadogo.

Saa 9 na dakika 40 tulifunua mabeseni. Mawili yalikuwa yamefura mpaka kwenye kitambaa. La meza ya tatu lilikuwa nyuma, nadhani maziwa yao yalipoa wakati wa kubishania gramu. Tukaliacha juani dakika 15 zaidi, na hiyo meza ikatangulia kupamba keki kwa sukari ya unga iliyokorogwa na ndimu. Hakuna aliyelalamika.

Nilitarajia pembetatu. Nilipata pembetatu chache. Nilipata samaki, mwezi, herufi, msuko wa nywele, na andazi moja lililokunjwa kama bahasha likiwa na kipande cha ndizi ndani, ubunifu wa msichana wa miaka 9 ambaye sikumsikia akisema neno mchana wote. Lilipikika vizuri. Nitalijaribu mwenyewe.

Kwenye kukaanga tulikuwa na utaratibu mmoja muhimu: watoto wawili wawili, maandazi manane kwa mkupuo, na yakitoka yanakwenda kwenye sahani zenye majina. Bila hivyo ahadi ya kula ulichokanda ingepotelea kwenye karai. Walisimama nyuma ya mstari wa chokaa wakiyaita maandazi yao, "Geuza langu, baba! Lile la mwezi!" na baba watoto, jasho likimtiririka, akageuza alichoambiwa. Upepo ulivuma saa 10, turubai likapiga kelele, moto haukuyumba. Hakuna aliyeungua.

Walikula wamekaa kwenye mkeka. Nilitazama nani anabakiza. Vipande vilivyobaki ni vile walivyowafichia wazazi kwenye mifuko ya aproni. Wazazi walipofika saa 11 na nusu, watoto waliwalisha kwa mikono yao. Yule baba alilishwa andazi lenye umbo la gari, akalitazama kwanza, akauliza, "Hili umelikanda wewe?" Kijana akasema, "Nimelikanda, nimelikata, ila sikulikaanga, ni marufuku kuvuka mstari." Baba akala lote.

Binti yangu alikata keki yake, akamlisha bibi yake kwanza, kisha sisi.

Jumapili, 31 Agosti

Hesabu: zimetumika shilingi 171,500. Kubwa kuliko zote ni aproni, kitambaa na ushonaji pamoja, 46,000, na sijutii hata senti, maana kila mtoto ameondoka na yake. Zinafuata matunda na mafuta ya alizeti. Ngano, mtama, maziwa na hamira kwa pamoja havikufika 20,000. Mabuyu yalikuwa zawadi ya mama.

Ya kubadilisha nikipewa nafasi nyingine: mizani iwe moja kwa kila meza badala ya kupokezana. Maziwa yote yapashwe kwa pamoja dakika ile ile ya kumimina. Na saa moja ya ubuyu haitoshi, iwe saa moja na robo.

Kila mtoto alipewa kadi ya mapishi, kipimo cha nusu kilo kwa vikombe, kwa sababu nyumba nyingi hazina mizani: ngano vikombe vitatu, mtama kikombe kimoja, sukari theluthi ya kikombe, hamira nusu kijiko cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja na nusu, maziwa kikombe kimoja, iliki.

Leo asubuhi zimeingia meseji. Mama wa yule msichana wa bahasha anasema ameamshwa saa 12 kukandiwa maandazi. Jirani wa nyumba ya pili anauliza kama mama yangu atakuwepo Oktoba, mwanawe anatimiza miaka 7 na ameshatangaza kwamba atavunja mabuyu. Na baba wa kijana anauliza unga ule wa mtama unapatikana wapi, kwa sababu wa dukani kwao una chembe kubwa na donge limekatika. Nimemwelekeza mashine inayosaga laini karibu na soko la Sabasaba, na nimemwambia auchekeche mara mbili, achanganye na ngano kabla ya kutia maziwa, kisha amwache kijana akande.